Manukato ya Bwana Mpunga

Stesheni ya treni ya Kilosa asubuhi ile ilijaa watu mpaka mlangoni. Wasafiri walikuwa wakivua mikanda kwa ajili ya ukaguzi, akina mama wakibishana kuhusu vikapu, watoto wakikimbilia vioo kuitazama reli. Katikati ya watu hao alisimama Aneth, msichana wa Mikumi, amevaa gauni la kitenge cha njano lenye mikono ya kuvimba na viatu vyeupe visivyo na doa. Alikuja kumpokea shangazi yake Costancia, mkazi wa Kilosa aliyekuwa akirudi safari. Lakini macho yalipokuwa yakimtafuta shangazi, pua ilikuwa kwenye kazi yake.

Maana Aneth aliishi kwa pua. Duka lake dogo lilitazama barabara kuu pale Mikumi, karibu na yanapoegeshwa malori, naye aliuza manukato ya kupima. Kila asubuhi, kabla hajafungua, aliweka maoni yake kwenye simu, watu wakayangoja kama chai. Aliandika: "Chanel Namba Tano siivai sokoni. Hayo ni manukato ya mama aliyekaa sebuleni kwake, hana haraka, anangoja kusalimiwa. Mimi bado napanda bodaboda." Siku nyingine: "Black Opium ina kahawa na vanila, naipenda sana, ila jua la saa saba likiipiga inageuka uji wa maziwa. Ngoja harusi ya jioni." Na vijana wa stendi hakuwaacha: "Sauvage ni nzuri. Lakini kaka zangu, unajipulizia, huzimi moto. Mara mbili inatosha."

Basi pale stesheni ilimpita harufu ambayo alikuwa ameinusa mara moja tu, dukani kwa mtu Dar es Salaam, akaiota tangu siku hiyo. Chungwa. Kisha udongo mkavu uliopigwa na mvua ya kwanza. Kisha kitu kama pilipili manga, kwa mbali.

Aligeuka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mweusi, shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, suruali imekunjwa kidogo miguuni, mkono mmoja ameshika mfuko wa mama yake.

"Samahani kaka. Hiyo uliyovaa ni Terre d'Hermès, au pua yangu inanidanganya?"

Kijana yule, Ditram, alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya mbegu ya mpunga Kilangali. Tangu alfajiri alikuwa kwenye majaruba, akanawa haraka, akavaa shati safi, akammenyea mama yake machungwa ya njiani. Manukato hakuwa nayo hata ya kuazima. Alifungua mdomo aseme, "Dada, hili ni chungwa." Lakini Aneth alikuwa akimtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

"Ndiyo," alisema. "Hiyohiyo."

"Nilijua! Na ni ya kweli, siyo hizi za kuchanganya."

"Ya kweli kabisa."

Mama yake alimtazama, akataka kucheka, akakohoa. Aneth akamwahi. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una pua, wewe!"

Walipeana namba kabla treni haijaingia. Jioni, Aneth aliandika: "Leo Kilosa nimekutana na mwanaume anayejua kuvaa. Chungwa, udongo, pilipili manga. Terre d'Hermès halisi. Dada zangu, msiniulize ni nani."

Dada zake waliuliza sana.

Simu zikaanza. Asubuhi, mchana, mpaka chaji inakata.

"Hujambo Malkia wa Pua?"

"Sijambo Bwana Mpunga. Umekula?"

"Nimekula wali."

"Wali tena! Wewe damu yako imegeuka mchele."

"Ukinioa utashiba maisha."

"Anayeoa ni nani hapa?" Aneth alicheka mpaka mteja akaangusha kichupa. "Na njoo Mikumi, nimechoka kukupenda kwa masikio. Uje umevaa ileile."

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni, na pwani bado iko mbali. Ditram alimwendea rafiki yake Fortunatus, mtu wa safari za mjini, akamwomba amtafutie chupa yenye jina lile. Fortunatus alirudi na chupa. Jina lilikuwepo, herufi moja ikiwa imepinda. Yaliyokuwa ndani aliyajua aliyeyachanganya.

Walikutana Jumamosi kwenye banda la nyama choma, moshi wa mbuzi umetanda, meza zimejaa madereva wa malori. Aneth alivaa blauzi nyeupe ya lesi na sketi nyekundu iliyombana, nywele amezisuka mistari, masikioni hereni za shaba. Ditram alikuja na Fortunatus, amejimwagia nusu chupa nzima. Aneth alimkumbatia, akarudi nyuma hatua.

"Ditram, umevaa nini?"

"Ileile."

"Ileile ipi? Hii ni spiriti imelala na ubani! Ile ya stesheni iko wapi? Au ilikuwa ya nyumba nyingine?"

"Nyumba gani tena, mpenzi?"

"Nyumba yenye mwanamke anayekununulia manukato. Sema!"

Fortunatus, aliyedhani anamwokoa rafiki yake, akapasuka kicheko. "Shemeji, mwanamke wa wapi! Huyu hajawahi kumiliki chupa maishani mwake. Siku ile alinukia chungwa na matope ya jaruba!"

Meza ya jirani ilisikia. Ya pili ikasikia. Dereva mmoja, Samwel, mteja wa Aneth wa siku nyingi, akapaza sauti: "Aneth! Matope halisi, siyo ya kuchanganya!" Banda zima likacheka.

Aneth hakulia pale. Aliokota pochi yake. "Kumbe mlikuwa mnanicheka," alimwambia Ditram taratibu. "Mimi nikiwaambia watu wote, wewe unanicheka."

"Sikukucheka, Aneth. Nisikilize..."

Alikwisha kuondoka.

Wiki iliyofuata ilikuwa chungu. Watu walipita dukani wakiomba wapimiwe matope. Mama mmoja aliyekuwa ameagiza manukato ya harusi ya bintiye alisema atafikiria kwanza, na wote wawili walijua maana yake. Nani atanunua manukato kwa mtu ambaye pua yake imeshindwa kutofautisha chupa na chungwa? Aneth aliacha kuandika. Ditram alipiga, simu ikalia yenyewe ikanyamaza. Mwishowe alituma sauti.

"Aneth, kazi yangu ni kupita kwenye mpunga mstari kwa mstari, kung'oa kila kisichokuwa mbegu yenyewe. Kikiachwa kimoja, mkulima anapanda asichokijua. Halafu mimi huyohuyo nikakuachia uongo ukaota. Sikukucheka hata siku moja. Niliogopa tu kwamba nikisema ni chungwa utageuka kuangalia treni. Ni hayo. Sikulazimishi."

Aliisikiliza amesimama nyuma ya kaunta. Akaisikiliza tena amekaa. Kisha akafungua maneno yake mwenyewe ya siku ile ya stesheni, akayasoma polepole kama mtu anayesoma ya mwingine. Chungwa, udongo. Alinyanyuka.

"Mimi nilikosea wapi sasa?" aliuliza duka tupu. "Harufu niliitaja. Jina la chupa ndilo nililomvika!"

Alifunga duka mchana kweupe, kitu ambacho jirani zake hawakuwahi kukiona, akaita bodaboda, akashika njia ya Kilangali.

Mvua ilikuwa imenyesha. Ditram alikuwa kati ya jaruba, matope hadi magotini, ameshika fungu la mpunga alioung'oa, wafanyakazi wenzake wakimfuata kwa mstari. Aliponyanyua kichwa alimwona Aneth kwenye tuta, viatu mkononi, gauni limepandishwa, simu imeinuliwa juu inarekodi.

"Wateja wangu wa Mikumi na kwingineko," alikuwa akisema kwa sauti iliyowanyamazisha hata ndege, "mmenicheka vya kutosha, sasa nisikilizeni. Nilikosea jina, sikukosea harufu. Paris wanatafuta chungwa na udongo uliolowa, wanavitia kwenye chupa, mnapanga foleni. Hapa Kilangali vimelala chini bure. Pua iliyovitambua katikati ya stesheni nzima, kwenye jasho na mizigo ya watu, ni hii hapa. Anayetaka kupimiwa aje. Anayetaka matope, jaruba hili hapa, ajichotee!"

Wafanyakazi wakapiga makofi. Kabla hajashusha simu ilianza kutetemeka mkononi. Wa kwanza kujibu alikuwa yule mama wa harusi: "Niwekee ya bibi harusi na wasimamizi wake wote."

Ditram alikuja mbio, maji yakiruka. "Umenisamehe?"

"Nusu. Nusu nyingine ina sharti. Usinidanganye tena, hata kwa kunifurahisha. Kama kuna jambo, uniambie hapohapo, usoni."

"Hapohapo?"

"Hapohapo."

"Basi gauni lako lina matope nyuma yote, laazizi. Uliteleza?"

Aneth alijigeuza, akaona, akapiga kelele, akamrushia kiatu. Ditram akakidaka, akakikumbatia kifuani, akakataa kukirudisha.

"Nitakirudisha kwa shangazi yako. Nikituma watu wangu kwake, watapokewa?"

"Watume kwanza," alisema Aneth, macho yakiwa chini, meno yote nje. "Utaona huko."

Aliwatuma baada ya mavuno. Mshenga wao, mzee Yeremia wa Zombo, aliingia kwa shangazi Costancia mjini Kilosa amevaa koti la kahawia na kofia mkononi. Sebule ilifunikwa vitambaa vya kufuma, pilau linanukia uani. Walizungumza kwa mafumbo kama ilivyo ada: wameona ua kwenye bustani hii, wameomba njia ya kulifikia. Shangazi alikunja uso na kubana midomo, kana kwamba hakuwa amekesha akichambua mchele wa kuwapikia. Akaagiza binti aitwe.

Aneth alitoka chumbani amejifunika kanga mpya mbili, miguu mitupu, ametazama sakafu. Nje ya dirisha Ditram, ambaye kwa ada hakutakiwa kuwepo, alikuwa amejibana ukutani, hapumui.

"Mwanangu," alisema shangazi, "wageni hawa wamekuja na maneno yao na mzigo wao. Wewe unawafahamu? Maana tukipokea chao, hakirudi. Na usipowafahamu, tutawapa chakula, tuwasindikize kwa heshima, tusiulizane ten..."

"Nawafahamu, shangazi," alisema Aneth, akisahau kwamba binti huulizwa mara tatu ndipo ajibu. "Pokeeni."

Vigelegele vilipasuka sebuleni, vikatoka uani, vikapokelewa na jirani. Na nje ya dirisha mtu mzima alionekana akiruka, akiangusha ndoo ya maji.