Chokaa Katikati ya Matumbo

Jumamosi asubuhi kijito kilikutwa kimezibwa tena: matumbo ya mbuzi, nepi, na maji ya kijani yanayotoa povu. Inspekta alifunga pua kwa kitambaa, akashuka ukingoni. Maiti alishazizoea, lakini uozo huu ulimshinda.

Diwani alikuwa ameshafika, buti zinang'aa, mpiga picha wake ubavuni. Kila Jumamosi huongoza wananchi kusafisha kijito, na kufikia jioni picha zake zimeshazagaa kwenye simu za watu.

"Mkamate mwenye bucha," alisema. "Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu kabisa, lakini kwenye mazingira mimi sina undugu."

Watu wakapiga makofi. Vijana kadhaa walishabeba nondo za kuvunjia bucha. Mwenye bucha alikuwa katikati ya askari wawili, shati limechanwa.

"Matumbo haya ni yako?" inspekta aliuliza.

"Ya kwangu hubebwa na lori la usafi, afande. Wakinivunjia bucha leo, wanangu nitawalisha nini?"

"Ndiyo wimbo wao," diwani alidakia.

Inspekta alitwaa fimbo, akafukua rundo lililokuwa nusu majini. Juu lilikuwa jeusi, linateleza. Ndani, katikati ya matumbo, kulikuwa na mabonge meupe ya chokaa. Akamwita mama anayewaongoza wanaojitolea.

"Mama, chokaa mnaitumia wapi?"

"Tukishapakia lorini tunainyunyiza juu ya taka, kukata harufu. Hapa chini hatumwagi, inaua vyura. Na leo hata hatujaanza."

"Basi uchafu huu ulishapanda lori."

Dereva wa lori alianza kukagua viatu vyake.

"Uchafu wa Jumamosi iliyopita uliupeleka wapi?" inspekta alimuuliza.

"Dampo, afande."

"Usinichezee."

Dereva akainua uso. "Uani kwa diwani. Alfajiri hii akaniambia niurudishe. Si mara ya kwanza."

Zile nondo zikashushwa taratibu. Diwani alijichekesha kidogo. "Afande, tuongee pembeni."

"Tuongee hapa hapa. Kwa nini?"

"Kijito kikikaa safi, nani atakumbuka kuwa nipo? Uchaguzi umekaribia. Watu lazima wanione nikifanya kazi."

"Na shemeji yako?"

"Alikataa kubandika picha yangu buchani. Mbele ya wateja."

Kwa hilo tu. Inspekta alitema mate chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa kazini.

Yule mama alivua glavu zake zilizolowa, akamwekea diwani mikononi. "Mheshimiwa, sisi tumekuokotea uchafu wako tangu mwaka jana. Leo ingia mwenyewe."

Inspekta aliangalia pingu zake, akaona zinaweza kusubiri.

Diwani aliingia hadi magotini. Akanyanyua utumbo wa kwanza, na kwa mazoea akageuza uso kumtafuta mpiga picha. Mpiga picha alikuwa ameinama kichakani, anatapika.