Siku Tatu Bila Makro

Kila siku nikitoka shule nilipitia chumba cha mama cha kuchapia barua, kando ya zahanati. Kabla sijavua begi nilikuwa nimeshasema mambo kumi, ndiyo maana mama aliniita Kasuku. Yeye alichapa kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia ulipooza alipougua kiharusi.

Kilichomwokoa ni makro, amri ndogo ambayo fundi wa kompyuta alimtengenezea. Akibonyeza kitufe kimoja, programu ilichukua jina na tarehe kwenye orodha ikaandika barua nzima. Ila kila ilipofunguliwa iliuliza: "Hati hii ina makro. Je, unairuhusu?" Jumatatu nilikuwa naandika insha yangu kwenye kompyuta yake, swali hilo likanikera. Nikalitafuta faili la makro, nikalifuta. Nilidhani nimemaliza kelele.

Jumanne mama alibonyeza kitufe chake. Skrini ikajibu: "Hitilafu. Makro haikupatikana."

"Kasuku, uligusa kitu humu?"

"Hapana, mama."

Siku hiyo, mimi wa maneno mengi nilikuwa na maneno mawili tu, na yote ya uongo.

Zahanati ilitaka barua mia tatu za chanjo kufikia Ijumaa. Akishindwa, kazi ingepewa mtu mwingine, na nani angemwajiri mchapaji wa mkono mmoja? Mama akaanza kuchapa herufi moja moja. Kufikia Jumatano jioni alikuwa na barua hamsini na vidole vimevimba.

"Labda hata kichwa kimeanza kupooza," alisema. "Nimeharibu kitu na hata sikumbuki."

Nilitaka kusema. Nikainamia daftari langu. Nilijichukia, lakini niliogopa zaidi.

Alhamisi fundi alifika, akausoma ujumbe, akakuna kichwa.

"Nani ameichezea mashine hii?"

"Ni mimi, fundi," mama alijibu taratibu. "Sifai tena kazi hii. Zahanati wamtafute mwingine."

"Usiseme hivyo, dada. Nitafuta kila kitu nianze upya. Makro nitakuandikia nyingine, ila si leo. Nipe wiki moja."

Wiki moja! Mama aliinamisha kichwa mezani, mabega yakatikisika. Fundi akanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Usifute!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Nililifuta faili Jumatatu, lile swali lilinichosha!"

Fundi akanitazama, kisha akafungua pipa la taka la kompyuta. Faili lilikuwemo, zima. Akalirudisha mahali pake.

"Ningeanza upya lingepotea kabisa," alisema. "Ujumbe wa kompyuta husomwa, mwanangu. Haunyamazishwi."

Mama alibonyeza kitufe. Barua ya kwanza ikajiandika, ya pili, ya tatu. Kabla ya jioni printa ilikuwa imetoa zote. Nilizipanga, nikingoja kugombezwa. Mama hakunigombeza. Aliusugua mkono wake uliovimba kwenye paja, kisha akaniita karibu.

"Ungefuta mafaili kumi ukaniambia, ningekasirika dakika tano yakaisha," alisema. "Faili limerudi, mwanangu. Lakini siku tatu nimejiona mtu asiyefaa kitu, na wewe ulikuwa umekaa hapo unanitazama. Hizo fundi hawezi kunirudishia. Ukikosea tena, sema siku ileile."