Mama Aliyeliliwa Akiwa Hai

Haya yalimkuta Nishimwe, jirani yetu hapa Mapendo, mtaa wa Goma, na yalimkuta mchana kweupe, jua likiwaka na watu wakinunua mikate barabarani. Usidhani mambo ya kutisha hungoja giza.

Nishimwe alikuwa fundi wa simu katika shirika moja linalojibu maswali ya waliokimbia vita. Kazi nzuri, nguo safi. Mama yake mzazi, Nyiransabimana, naye alikuwa amekimbia kutoka Rutshuru, akilala chini ya hema katika kambi ya Kanyaruchinya. Ofisini hakuna aliyejua. Binti aliona haya, na kila aliyeuliza aliambiwa mama anaishi kwa ndugu, Gisenyi.

Kisha rafiki yake akawa anaolewa Bukavu, na Nishimwe alikuwa amemaliza siku zake za mapumziko. Likizo ambayo chef, mkubwa wako wa kazi, hawezi kukunyima ni moja tu, ya msiba. Basi akasema mama yake amefariki. Wengi hufanya hivyo, lakini humuua shangazi wa mbali asiyejulikana na mtu. Yeye alimuua mama. Jioni hiyo, kabla hajapanda boti ya Bukavu, wenzake walikuja Mapendo kumlilia marehemu. Rosette, chef wake, aliimba mpaka akapwelewa na sauti. Nishimwe alijifunika kitenge usoni, maana machozi hayakuja.

Wiki chache baadaye akapewa kazi mpya: kuunganisha simu zote za timu kwenye mtambo mmoja wa intaneti, ili mmoja akipokea, wenzake waone taa ya laini yake kwenye kompyuta zao na waweze kumsikiliza na kumsaidia. Akaweka kitufe cha kusikiliza kimya. Cha pili, cha kumnong'oneza mwenzako bila mpigaji kusikia. Cha tatu, cha kuingia kabisa katika mazungumzo. Siku ya kujaribu, wote walivaa hedifoni, na simu ya kwanza ikamwangukia Jumaine, mpole kuliko wote pale.

"Allo, mama. Tukusaidie nini?"

"Niko natafuta mutoto wangu," sauti ikasema. "Anaitwa Nishimwe."

Nishimwe akabana hedifoni masikioni. Jumaine alimtupia jicho, akatabasamu. Wenye jina hilo Goma ni wengi.

"Uko wapi, mama?"

"Hapa sipajue. Banasema nilishalilwa, niingie tu. Miye nabaambia niko muzima. Mutoto wangu akuje abaambie."

Hakuna aliyetabasamu tena.

Nishimwe aliijua sauti ile tangu tumboni. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha tatu. Maneno machache tu yangetosha: mama, ni mimi. Lakini Rosette alikuwa anasikiliza. Prodige, aliyelia kuliko wote kwenye kilio kile, alikuwa anasikiliza. Aibu ikamshinda. Akahamisha kidole. Akabonyeza cha pili.

"Muambie amekosea numero," akamnong'oneza Jumaine.

Jumaine alikuwa hajafungua kinywa bado.

"Nimesikia, Nishimwe," yule mama akasema. "Usimutume mutoto wa watu kusema uongo."

Wakageuka wote. Wakamtazama.

Alitoka mbio bila kumjibu mtu, akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kanyaruchinya. Njia nzima alikuwa akijiambia atakuta maiti. Hakukuta maiti. Mama yake alikuwa ameketi nje ya hema, anachambua maharage.

"Mama! Ulinipigia?"

Mama akainua uso. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu, hata pumzi haikusikika.

"Hasemi tena," akanong'ona Mwasiti, jirani wa hema la pili. "Sauti ilimukatika jioni moja, akiwa anasimulia watoto. Na telefone hana."

Nishimwe aliuliza ni jioni gani. Mwasiti akamtajia. Ilikuwa ile ya kilio.

Simu yake ikaita mfukoni. Rosette.

"Yule mama hajatoka kwenye laini," alinong'ona. "Anauliza kama umefika."

Nishimwe akapiga magoti kwenye mawe meusi. Aliona aibu hata ya kumtazama mama machoni.

"Weka sauti, wote wasikie," akasema. "Ni mama yangu. Yuko muzima, niko naye hapa. Niliwadanganya sababu ya harusi. Na niliona haya ya hema. Mama, unisamehe."

Ndipo mama alipoanza kulia. Machozi yalimtiririka, mabega yakatikisika, kinywa kikafunguka wazi. Kanyaruchinya kulikuwa kimya. Kilio chake kilitoka kwenye simu.

Siku hizi mama na binti wanaishi pamoja hapa Mapendo. Tunamsalimu yule mama kila asubuhi, naye hujibu kwa mkono. Madaktari wamemtazama koo, hawakuona kitu. Lakini ofisini, laini ile huwaka yenyewe pasipo mpigaji, na anayesikiliza humsikia mama akiimba taratibu, kama mtu aliye jikoni. Nishimwe akitaka kuisikia sauti ya mama yake, hana budi kuvaa hedifoni mbele ya Rosette na Prodige, na kuisikiliza pamoja nao.