Ngozi Baridi ya Kabula

Gurudumu-pumzi lilizunguka katikati ya Mji wa Kutu, na kadiri lilivyozunguka ndivyo watu wa mji ule wa Mirihi walivyopata hewa. Tangu tufani la vumbi lifukie paneli za jua, hakukuwa na nguvu nyingine ila miguu ya wanawake na wanaume waliokanyaga kwa zamu. Kila mkanyagaji alibandikwa shingoni ngozipima, kijiduara kilichosoma joto la ngozi. Ngozi ikipata joto, mashine ilimpunguzia mtu mzigo. Ikiwa baridi, ilimwongezea. Aliyeibuni, Mhandisi Mwinyimvua, aliamini kwamba inawalinda wote.

Kabula ndiye aliyepewa mzigo mkubwa kuliko wenzake, maana ngozi yake haikupata joto kamwe.

"Mikono kama chura!" Mwinyimvua alimtania, akimpa chai ya rangi ya kushushia chakula. "Nyie Wasukuma huzaliwa kisimani?"

"Nanyi Wazaramo huzaliwa kitandani, ndiyo maana hamkanyagi," Kabula alijibu huku akihema. Wenzake wakacheka. Hata Mirihi, mtani ni mtani.

Alipomaliza kula akarudi kwenye kanyagio. Baada ya muda akaita, "Mtani, naungua ndani."

Mwinyimvua akatazama shingo yake. Taa ya ngozipima ilikuwa ya kijani, yaani ngozi baridi. "Unaungua na ubaridi huo? Tafuta uongo mwingine."

Mashine ikaongeza mzigo. Kabula akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akimwita mama yake aliyebaki Duniani. Wenzake wakadhani bado anatania, wakazidi kucheka. Kisha akaanguka.

Daktari Namsifu alimvuta kope ya chini. Ndani kulikuwa kweupe.

"Damu yake imeishiwa chuma," alisema. "Damu ya namna hii hubeba hewa kidogo, kwa hiyo misuli inapofanya kazi huvuta damu karibu yote, na ngozi hunyimwa. Lakini damu ya ngozi ndiyo inayotoa joto nje. Ikikosekana, mtu hupoa juu, akaiva ndani."

"Na mashine yangu ikaona ubaridi..."

"Ikadhani ni uzima."

"Daktari, tunaishi juu ya chuma! Udongo wote huu mwekundu ni kutu."

"Kutu hii mwili hauwezi kuitumia. Chakula chetu ni mwani, una chuma kidogo, na chai mnayoshushia huzuia hata hicho. Vidonge vimekwisha. Chombo hakitatua mpaka tufani litulie."

Kabula hakuamka tena.

Mwinyimvua alizibandua ngozipima zote. Kisha akapita kiti hadi kiti akivuta kope za wakanyagaji, na kila alipovuta alikuta weupe uleule. Wakati huo gurudumu lilikuwa limesimama. Watoto walianza kukohoa vyumbani, na kifua chake mwenyewe kilikuwa kikibana.

Mwanamke mmoja, Sijali, akakaa kwenye kiti cha Kabula.

"Mimi je, Mhandisi? Nina damu?"

Mwinyimvua alikuwa amekwisha kuiona kope yake.

"Kanyaga polepole."

"Polepole hewa haitatosha."

"Najua," akasema.

Sijali akaweka miguu juu ya kanyagio, na gurudumu likaanza kuzunguka.