Chingamu Kwenye Pete ya Bembea

Kila siku baada ya masomo, Bi Kinyaa alipitia kazini kwa shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na kaka zake, kwa kuwa hapakuwa na kitu kisichomtia kinyaa: utando wa maziwa, nywele kwenye sabuni, hata mkono wa mtoto uliolowa mate.

Shangazi alikuwa mhandisi. Mwalimu mkuu alikuwa amemwomba apime kwa kompyuta kama bembea ya shule ingali salama.

"Chuma nacho huchoka," shangazi alimweleza Bi Kinyaa. "Kila mtoto akibembea, pete inayoshika mnyororo hupindika kidogo. Kompyuta ikihesabu kila bembeo tutazeeka hapa tukisubiri. Kwa hiyo inahesabu machache, inaona uchovu unavyokua, kisha inaruka mbele na kuhesabu machache tena. Haya, ile pete niliyokutuma uikague, ina ufa?"

"Haina, shangazi. Nzima kabisa."

Uongo mtupu! Asubuhi alipopanda ngazi alikuta mtu amebandika chingamu juu ya pete, ina alama za meno na sisimizi wamenata humo. Ptu! Kinyaa kikamshika, akashuka bila kugusa kitu.

Kompyuta ikaruka, ikaruka tena. "Itadumu miaka," shangazi akatabasamu. "Kesho watoto wa darasa la kwanza waruhusiwe."

Darasa la kwanza! Humo ndimo alimosoma kitindamimba wao, ambaye siku hizi hakuwa na wimbo mwingine ila bembea. Bi Kinyaa alishikwa na kinyaa kibaya kuliko cha asubuhi, na safari hii alijichukia mwenyewe.

"Shangazi, sikuangalia. Kulikuwa na chingamu, nikaona kinyaa."

Shangazi alikunja uso kama aliyenusa kitu kilichooza. Alimpeleka shuleni, akamshikia ngazi. Bi Kinyaa akaibandua ile chingamu kwa kucha zake, nusura atapike. Chini yake palikuwa na ufa.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," shangazi akafoka, "lakini nani aliwaambia watoto wazibe kwa mate?"

Waliporudi aliuingiza ufa ule kwenye hesabu. Kompyuta iliruka mara moja tu: pete ingekatika kabla ya muhula kwisha. Akampigia simu mwalimu mkuu, bembea ikafungwa.

"Umeona?" shangazi alisema. "Kompyuta ikiruka, inaruka na neno lako mgongoni. Nikikuuliza habari ya ufa, sema upo, sema haupo, au sema hukuangalia. Hilo la mwisho halina aibu, mwanangu. Ningepanda ngazi mwenyewe. Uongo wako ndio ungemwangusha mdogo wako."