Mchele wa Mama Mkwe

Hapa Michenga, ukisikia mashine ya kukoboa mpunga inanguruma, ujue Beatus yuko karibu. Anafunga masikio kwa kitambaa kwa sababu ya kelele. Kisha anabeba magunia, moja baada ya jingine, huku anaimba chinichini.

Kama humjui Beatus, ngoja nikujulishe, mimi jirani yake. Ni kijana mrefu, mtoto pekee wa mama Balbina. Hapendi kukutazama machoni. Akifurahi anayumba, mbele na nyuma. Akiwa na wasiwasi anayumba pia. Magunia yake anayapanga kwa mstari ulionyooka, na ole wako uyahamishe. Ndivyo alivyo tangu anatambaa. Na Teddy, binti wa Lupiro, ng'ambo ya mto, alimpenda hivyohivyo. Mahari ilishapokelewa. Ndoa ilishatangazwa kanisani. Jamani, sisi wanawake tulishashona sare.

Kisha masika yakaja na mafuriko. Beatus alikuwa anarudi kutoka shamba kwa mtumbwi. Mtumbwi ukapinduka. Alishika tawi la mti, akakaa majini mpaka wavuvi walipomtoa. Hakuumia popote. Tukamshukuru Mungu, tukadhani yameisha.

Hayakuisha. Beatus aliacha kulala. Mvua ikigonga bati, alitetemeka. Hata kulikaribia daraja la mto hakuweza. Na ndoa ilikuwa ifungwe parokiani kwao Teddy, ng'ambo. Asipovuka, hakuna harusi.

Sasa sikia nyumbani walivyokosea, tena kwa upendo. Mama Balbina alimkataza kubeba magunia. "Mgonjwa anapumzika," alisema. Akimwona anayumba, alimshika bega. "Acha hivyo, baba, watu wanakutazama."

Halafu zikaja pole. Desturi yetu unaijua. Mtu akipatwa na jambo, lazima tumwendee. Na pole haiishi mpaka tuambiwe ilikuwaje.

Mjomba Ponsiano, kaka yake mama Balbina, alifunga safari kutoka Malinyi. Hata maji ya kunywa hakungoja. "Haya mjomba," alimwambia Beatus, "ilikuwaje?"

"Mweleze mjomba wako," mama Balbina alisema.

Beatus akaeleza, kama alivyowaeleza wageni wote. Alipofika pale mtumbwi unapolala upande, pumzi ikamkatika. Akakimbilia chumbani, akajifungia.

Mjomba Ponsiano alikuwa bado anatikisa kichwa, mara tukasikia hodi. Alikuwa Jihan, binti wa mzee Sadallah mwenye duka. Jihan anafanya kazi kliniki, mjini Ifakara. Anawasaidia wagonjwa wapone kwa kutumia miili yao wenyewe: mikono, miguu, pumzi na kazi za kila siku.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuwapa pole."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Ngoja nimwite akueleze."

"Hapana mama. Nisingependa anieleze."

Mama Balbina alimshangaa. Pole gani hiyo isiyo na maelezo?

"Kila akisimulia, mwili wake unarudi majini," Jihan alisema. "Kichwa kinajua yuko nyumbani. Moyo, misuli na pumzi bado havijajua. Akija mgeni, vinaanza tena kupigana na maji."

"Na huko kuyumba? Si ndio ugonjwa wenyewe?"

"Alianza lini kuyumba?"

"Tangu mdogo."

"Basi hilo si ugonjwa, mama. Watu hatukuumbwa na akili ya namna moja. Beatus ana namna yake. Kuyumba kunamtuliza, kama wewe ulivyombembeleza mgongoni akiwa mtoto. Hatumtibu ili aache kuwa Beatus. Tunatibu hofu."

"Na magunia?"

"Uzito unambana mabega, unauambia mwili wake kwamba umesimama nchi kavu. Kazi ile ilikuwa inamtuliza."

Mama Balbina aliutazama mlango wa mwanawe. Machozi yakamtoka. "Nilidhani namhurumia," alisema.

"Ulimhurumia kweli. Sasa tumuulize mwenyewe."

Ajabu ni kwamba siku zote hizo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Jihan alikwenda mlangoni kwa Beatus, lakini hakuingia. Akaongea kwa sauti ndogo.

"Kaka Beatus, ni Jihan. Huna haja ya kunitazama wala kunieleza yaliyopita. Niambie tu, wewe unataka nini?"

Kisha sauti ikatoka ndani. "Nataka kumuoa Teddy. Na nataka magunia yangu."

Mama Balbina alicheka huku analia. Nami nikajua sare zetu hazitakaa bure.

Beatus akarudi mashineni. Jihan akamfundisha mambo madogo ya kufanya hofu inapokuja. Mvua ikinyesha, alisukuma ukuta kwa viganja, akitoa pumzi taratibu. Au alikanyaga chini kwa nguvu, kisha akataja anavyoviona: ndoo, jogoo, baiskeli. Alipotaka kuyumba, aliyumba. Wageni wa pole walipofika, mama Balbina aliwapa chai na kuwauliza habari za kwao.

Daraja nalo, Beatus, mama yake na Jihan walilisogelea polepole. Kwanza walilitazama kwa mbali, wakitafuna miwa, wakarudi. Siku nyingine wakasogea zaidi. Kuna siku Beatus alitetemeka kabla hata hawajafika.

"Jana aliweza," mama Balbina alilalamika.

"Leo mwili umekataa," Jihan alijibu. "Akisema basi, tunarudi. Tukimlazimisha, tutakuwa tumempindua mara ya pili."

Teddy alipopata habari, alipiga simu. "Matarumbeta yafutwe," alisema. "Mume wangu hapendi makelele, na mimi nampenda yeye kuliko matarumbeta." Ikaamuliwa ipigwe ngoma moja, tena taratibu.

Lakini jambo kubwa alilipanga Beatus mwenyewe. "Ndani ya gari siisikii ardhi," alisema. "Nitavuka kwa miguu. Nitabeba kiroba cha mchele. Nitampelekea mama mkwe."

Siku ikafika. Beatus alivaa suti, akajitwika kiroba begani.

"Suti itachafuka," shangazi mmoja alisema.

"Ichafuke," mama Balbina alimjibu.

Tukaingia darajani, bwana harusi mbele, sisi nyuma kwa miguu, na magari yakitufuata polepole bila kupiga honi. Nani aliwahi kuona msafara wa harusi kimya namna ile? Nilisikia viatu vyetu tu.

Katikati ya daraja Beatus alisimama. Chini maji yalikuwa mengi, ya rangi ya udongo, yanakwenda kasi. Akaanza kuyumba, mbele na nyuma, kiroba bado kiko begani. Msafara wote ukasimama. Jihan hakumgusa.

Mama Balbina akatoka kati yetu, akaenda kusimama ubavuni mwa mwanawe. Nilijua atasema yale yake ya siku zote, kwamba watu wanatazama. Wapi! Akaanza kuyumba naye, mbele na nyuma, na kitenge chake kipya. Mimi nikafuata. Tukayumba wote darajani, hata madereva waliokuwa wameshuka.

Beatus alitoa pumzi ndefu. "Twende," alisema.

Mama mkwe alikuwa anatungoja mwisho wa daraja. Beatus alishusha kiroba miguuni pake, akainama, akasema shikamoo. Hapo vigelegele vilitushinda, vikatutoka. Beatus akafunga kitambaa chake masikioni, huku anacheka.

Ndoa ikafungwa. Wakati wa kula, tuliandaliwa wali wa mchele uleule. Mjomba Ponsiano akasimama na sahani yake mkononi.

"Sasa mjomba, waeleze wakwe zako," alisema. "Ule mtumbwi, ilikuwaje?"

Meza nzima ikageuka kumtazama Beatus. Mama Balbina alichukua kipande kikubwa cha nyama, akamwekea kaka yake kwenye sahani.

"Alivuka," alisema. "Wewe kula wali, kaka."

Mjomba Ponsiano akakaa, akala. Ngoma ikaanza taratibu. Beatus akayumba kwenye kiti chake, na Teddy, kando yake, akayumba naye.