Kikombe cha Mino

Fuatino akirudi kutoka shuleni, kazi zake zilimngoja kwa mpangilio uleule: kuvua sare, kufagia majani ya mshelisheli mbele ya nyumba, kisha kumpokea mdogo wake Mino ili mama apate kusuka mkeka. Kijijini Satuimoa, dada mkubwa ndiye mlezi wa wadogo zake. Fuatino alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwahi kulalamika, kwani alimpenda Mino kupita kiasi.

Mino alikuwa ametimiza miaka minne bila kutamka hata neno moja. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na sasa watoto wa rika lake walikuwa wakitaniana na kugombana kwa maneno mazima huku yeye akitazama tu. Si kwamba alikosa kitu. Nyumba ilijaa shangazi na binamu, na akinyoosha shingo kidogo kuelekea kwenye mtungi, maji yameshafika mdomoni.

Kila wiki mama yao, Matalena, alipanda naye basi mpaka kliniki ya watoto mjini Apia. Huko alikuwepo Vaimoana, dada mpole aliyesomea kuwasaidia watoto waliochelewa kukua na kusema. Alikuwa amewapa kazi ya nyumbani. Mino akitaka maji, asipewe papo hapo. Mshike kikombe karibu na nyuso zenu, alisema, mtamke "vai", yaani maji, halafu msubiri. Akinyoosha kidole, akiwatazama machoni, akitoa sauti yoyote, mpeni. Matalena alimkabidhi Fuatino kazi hiyo, aifanye kila jioni.

Lakini jioni ndipo baragumu lilipopulizwa kuwaita watu kwenye sala. Kijiji kizima kilinyamaza. Babu Tuiolo, mkuu wa ukoo, aliketi mahali pake na kufumba macho, na mtoto kulia wakati huo ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Fuatino alishika kikombe, akasema "vai", akasubiri. Mino alikunja uso, akajitupa chini, akaanza kugonga kichwa sakafuni. Mara baragumu likalia. Fuatino akampa maji upesi. Jioni iliyofuata mambo yalikuwa yaleyale. Mwishowe akaacha kabisa kujaribu.

Mama alipouliza kama wamefanya mazoezi, alijibu, "Tumefanya, mama." Na uongo ukishatoka mara ya kwanza, wa pili hauna haja ya kusukumwa.

Mama alikuwa na tumaini moja kubwa. Jumapili ya Watoto ilikuwa inakaribia, siku ambayo kila mtoto husimama mbele ya kanisa akiwa amevaa nguo nyeupe na kusema kwa ghibu aya yake ya Biblia. Mino alikuwa hajawahi kusimama. Matalena alikwisha kumshonea shati. Aliwaambia majirani kwamba mwaka huu mwanawe atasema, hata kama ni maneno mawili tu. Fuatino alisikia na kuinamisha kichwa.

Siku ya kliniki ilipofika, Fuatino alikuwa likizo, akafuatana nao. Vaimoana, kwa kuamini kwamba kazi ya kikombe imekwisha kueleweka, alikuwa amemhamishia Mino kwenye picha na maneno. Mino hakuelewa anatakiwa kufanya nini. Aliingia chini ya meza, akaziba masikio, akalia mpaka akatapika. Haikuwa mara ya kwanza, na sasa alikuwa akianza kulia tangu mlangoni.

Matalena alimfuta kwa kanga yake.

"Basi, inatosha," alisema. "Nilidhani huku ni kama dawa ya minyoo, mtoto anapewa, anapona. Kumbe namleta kuteswa. Hatutarudi tena."

Vaimoana hakubishana. Alisema naye haelewi mtoto amekwama wapi, maana kwa jinsi alivyoelezwa, nyumbani anaendelea vizuri. Fuatino alimtazama mdogo wake chini ya meza, kamasi zikimtiririka. Wakiondoka leo, Mino atabaki hivyohivyo, na hakuna atakayejua kwa nini.

"Sijafanya," alisema.

Mama akageuka. "Hujafanya nini?"

"Kikombe. Nampa tu. Akilia nashindwa, mama, na baragumu linalia, na Babu anangoja. Nilikudanganya."

Matalena alifungua mdomo kama anayetaka kugomba, kisha akaketi sakafuni, akalia. Alisema polepole kwamba labda ni wao waliomharibu mtoto, kwa kumbeba na kumlisha.

Vaimoana naye akaketi sakafuni.

"Hamkumharibu, Mama Mino. Mino amezaliwa na mwendo wake, na kumpenda si kosa. Lakini mimi nakaa naye saa moja tu kwa wiki. Saa zilizobaki ni zenu."

"Na kanisani? Atasema?"

"Siwezi kukuahidi. Atapiga hatua, atarudi nyuma, kisha atakwama palepale mpaka mchoke. Huenda siku moja akasema sana. Huenda akasema kidogo na kutumia mikono. Ninachokuahidi ni kwamba nikiambiwa ukweli, nitajua pa kuanzia. Leo tunarudi kwenye kikombe."

Alimgeukia Fuatino, akamwambia kwamba kazi ile ilikuwa nzito mno kwa mtoto mmoja. Iwe ya nyumba nzima.

Waliporudi, Matalena alimweleza Babu kila kitu. Fuatino aliketi nyuma ya mama akingoja kukemewa. Mzee alisema kwamba kikombe kishikwe, hata baragumu likilia. "Mungu amewahi kusikia kelele kubwa kuliko hizi," alisema.

Basi wakasali huku Mino akilia. Shangazi mmoja alinung'unika, mwingine akampa maji kwa siri, wakagombana. Siku moja Mino alitazama machoni, kesho yake akajigonga tena. Hakuna aliyejua kama wanajenga au wanabomoa.

Jumapili ya Watoto ikafika. Mino alipandishwa mbele akiwa na shati lake jeupe, Fuatino kando yake. Kanisa zima likangoja. Fuatino aliijua ile aya. Ilikuwa imemjaa mdomoni, na angeweza kumsemea kama alivyozoea kumfanyia kila kitu, aibu ikaisha. Alibana midomo. Mino alitazama watu, akatazama miguu yake, akajificha ndani ya gauni la dada yake. Wakarudi kukaa. Matalena alitazama mbele tu, machozi yakimshuka.

Siku hiyo watoto hula kwanza, na wakubwa ndio huwahudumia. Fuatino aliketi mkekani kama mgeni, mama akampakulia magimbi na kuku. Kisha Matalena akachukua kikombe cha Mino, akakishika karibu na uso wake.

"Vai," alisema, akasubiri.

Mino akakunja uso. Shangazi akainua mkono, Babu akamzuia. Hakuna aliyetafuna. Mino alimtazama mama yake, akatazama kikombe, akamtazama tena mama.

"Va," alisema.

Matalena akampa. Maji yakamwagikia shatini. Mino alikunywa yote, akarudisha kikombe. Mama akakijaza, akakishika tena karibu na uso, akasubiri. Mara hii Mino hakusema kitu. Akalia, akapiga mkeka kwa ngumi, na mwishowe akanyoosha kidole. Akapewa.

"Lile neno limepotea tena," Fuatino alinong'ona.

"Limepotea, ndiyo," mama alisema. "Na wiki ijayo tutamwambia Vaimoana hivyohivyo, kwamba alisema mara moja kisha akalia. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Ulipoficha, mwanangu, hukutuficha sisi tu aibu, ulimficha Mino njia. Aliyesema ukweli kando ya ile meza ndiye aliyemfikisha hapa."

Akamjazia Fuatino kikombe chake, akampa papo hapo. Kisha akamgeukia Mino, akakishika cha Mino karibu na uso wake, akasubiri.